Bahari zisizo na maji: Mawe ya mwezini na mafunzo yake

Katika ramani za mwezi zitumiwazo na wataalamu wa dunia nzima hadi leo, kuna Bahari ya Utulivu, Bahari ya Mvua, Bahari ya Misukosuko na hata Bahari Kuu ya Dhoruba. Yeyote asomaye majina hayo bila kuongozwa atadhani kwamba huko juu kuna mawimbi, pwani na upepo wa kusi. La hasha! Hakuna wimbi hata moja lililopata kuvunjika katika bahari hizo. Ni nyanda za mawe meusi, kavu kuliko jangwa lolote tulijualo. Hata hivyo majina yamedumu tangu mwaka wa 1651, padri Mjesuiti wa Italia, Giovanni Riccioli, alipoyaandika katika kitabu chake cha elimu ya nyota, na hakuna aliyeona haja ya kuyafuta.

Mimi ni mwalimu wa isimu. Kazi yangu ni maneno, si mawe. Huenda basi msomaji akajiuliza ni lipi lililonipeleka mwezini ilhali ngeli na vitenzi vya Kiswahili havijanimalizikia. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba majina hayo ya Riccioli ni mfano bora wa jinsi lugha ihifadhivyo dhana za waliotutangulia hata baada ya dhana zenyewe kuanguka. Ya pili, na ndiyo nzito zaidi, ni kauli mbili nizisikiazo mara kwa mara kutoka kwa wanafunzi na, la kusikitisha, kutoka kwa baadhi ya walimu. Wa kwanza husema kwamba hakuna binadamu aliyepata kukanyaga mwezi, na kwamba safari zile zilikuwa mchezo wa sinema. Wa pili husema kwamba elimu ya namna hiyo, iwe ya kweli au ya uongo, haielezeki kwa Kiswahili. Nadai kwamba kauli zote mbili hazina msingi, na kwamba shahidi mmoja anatosha kuzikanusha. Shahidi huyo ni jiwe.

Tuanze na yale yaonekanayo kwa macho. Mwezi mpevu unapochomoza, uso wake huwa na sehemu nyeupe na sehemu za weusiweusi. Wachina wameona sungura katika madoa hayo, na watu wa Ulaya wamemwona mtu. Galileo Galilei, aliyeuelekezea mwezi darubini yake na kuchapisha aliyoyaona mwaka wa 1610, alionyesha kwamba uso huo si laini kama kioo, bali una milima na mabonde. Sehemu nyeupe ni nyanda za juu zenye makovu mengi. Sehemu nyeusi ndizo ziitwazo bahari. Hizi za pili huchukua kama asilimia 17 tu ya uso wote wa mwezi, na ajabu ni kwamba nyingi mno ziko upande ule tuuonao. Chombo cha Kisovieti, Luna 3, kilipoupiga picha upande wa nyuma mwezi wa Oktoba, 1959, wataalamu walishangaa kuona huko bahari chache kabisa.

Weusi huo ni nini? Ni basalti, jiwe ambalo sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kwenda mbali kuliona. Basalti ni ujiuji wa mawe uliotoka kilindini, ukatambaa juu ya ardhi na kuganda. Atembeleaye Tsavo Magharibi ataonyeshwa mto wa mawe meusi uliogandia karibu na vilima vya Chyulu, ambao umepewa jina la Shetani. Na Marsabit nayo imekaa juu ya mlima wa mawe ya jamii hiyo hiyo. Basalti ya mwezini ni binamu ya hayo, ila haina madini yaliyofungamana na maji kama yapatikanavyo katika mawe mengi ya duniani. Chembe za chuma zilizomo ndani yake zimekaa bila kutu, maana hapana hewa wala unyevu wa kuzila. Ile iliyoletwa na wanaanga wa Apollo 11 kutoka Bahari ya Utulivu mnamo Julai, 1969 ilikutwa na titani nyingi kupita ilivyozoeleka katika basalti za huku.

Tofauti nyingine ni umri. Lava ya Shetani ni ya juzi tu kwa hesabu za jiolojia. Basalti nyingi zilizoletwa na wanaanga zina umri wa kati ya miaka bilioni 3 na bilioni 4, yaani milioni elfu tatu hadi milioni elfu nne. Msomaji atauliza: umri huo wajulikanaje, na jiwe halina cheti cha kuzaliwa? Ndani ya jiwe mna potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo huoza polepole, baadhi yake ikageuka kuwa gesi ya agoni. Mwendo wa kuoza huko haubadiliki: katika kila miaka bilioni 1.25, nusu ya potasiamu ya aina hiyo huwa imekwisha. Jiwe likiwa bado ujiuji, gesi hutoroka; likiganda, gesi hunaswa. Basi apimaye potasiamu iliyosalia na agoni iliyonaswa ameipata saa iliyoanza kuhesabu siku jiwe lilipoganda. Hesabu yenyewe haimshindi mwanafunzi wa sekondari aliyejifunza logi.

Nyanda nyeupe zina kisa kingine. Jiwe lake mashuhuri huitwa anothositi, na sehemu yake kubwa ni madini meupe na mepesi yaitwayo plagioklasi. Mwaka wa 1971, wanaanga David Scott na James Irwin wa Apollo 15 waliliokota pande moja la aina hiyo ambalo magazeti yalilibatiza Jiwe la Mwanzo, na vipimo vikaonyesha kwamba lina zaidi ya miaka bilioni 4. Wataalamu walijiuliza jinsi ganda zima la mwezi lilivyoweza kujaa madini mepesi namna ile. Jibu walilolipata ni hili: mwezi ulipokuwa mchanga, sehemu yake ya juu, kwa kina cha mamia ya kilomita, ilikuwa bahari ya mawe yaliyoyeyuka. Ilipokuwa ikipoa, madini mazito yalizama, na mepesi yakaelea na kujikusanya juu, mithili ya utando ugandao juu ya uji. Baadaye yale mazito yaliyozama yaliyeyuka tena kwa joto la ndani, yakapenya nyufa, yakamwagika katika mabonde na kuwa basalti. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Walikuwa wakisema juu ya majahazi, lakini methali hiyo yaufaa mwezi vilevile. Na tazama kinaya cha historia: Riccioli alikosea alipoziita nyanda nyeusi bahari, kumbe mwezi uliwahi kweli kuwa na bahari, ila ya moto.

Na yale mashimo ya duara? Hapa mwalimu wa jiografia ana kazi, kwa sababu neno kreta tunalolitumia lina maana mbili zisizofanana. Tunasema kreta ya Menengai, tunasema pia kreta za mwezini. Menengai, iliyo karibu na mji wa Nakuru, ni shimo la volkeno: mlima ulitapika yaliyokuwa tumboni mwake, kisha paa likaporomoka. Shimo lake lina upana wa kilomita 12 hivi. Mashimo ya mwezini, isipokuwa machache, hayakutoka ndani bali yalichimbwa kutoka nje, na mawe yaliyoanguka kutoka angani kwa kasi ya kilomita nyingi kwa sekunde. Lile liitwalo Tycho, ambalo miali yake myeupe huonekana vyema mwezi ukiwa mpevu, lina upana wa kilomita 85 hivi. Shimo kubwa lililobeba Bahari ya Mvua lina upana wa zaidi ya kilomita 1,100, umbali unaozidi ule wa moja kwa moja kati ya Mombasa na Kampala. Mwanafunzi anayeambiwa kreta pasipo kuelezwa tofauti hiyo atatoka darasani akiamini kwamba mwezi umejaa milima itemayo moto. Kosa hilo ni la lugha kabla ya kuwa la sayansi.

Wasidhani wanafunzi kwamba wataalamu wenyewe hawakupata kulitenda. Kabla ya safari ya Apollo 16, Aprili 1972, wanajiolojia wengi waliotazama picha za nyanda za Descartes waliamini kwamba zimeundwa na volkeno. John Young na Charles Duke walitumwa huko kuleta mawe ya volkeno. Walipofika waliokota breksia, tena breksia. Hili ni jiwe la vipande vya mawe mengine vilivyopondwa kwa kishindo, vikayeyushwa kidogo na kugandamana, kama zege la fundi mwashi ambalo kokoto zake bado zaonekana. Maana yake ilikuwa dhahiri: nyanda zile ziliumbwa kwa vishindo vya mawe ya angani, si kwa volkeno. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na walioinama walirudi na jibu ambalo picha hazikuweza kulitoa. Nadharia iliyojengwa kwa miaka iliangushwa na mawe ya kujaza masanduku machache, na hakuna aliyeona haya kuiacha.

Juu ya mawe yote hayo kumetandazwa vumbi. Wataalamu huliita regolithi. Mimi naona Kiswahili kinalo neno zuri zaidi, nalo ni kifusi. Katika zile ziitwazo bahari, kifusi hicho kina kina cha mita 4 au 5 hivi. Katika nyanda za juu hufika mita 10 na zaidi. Duniani mchanga husuguliwa na maji na upepo hata ukawa mviringo. Mwezini hapana mto wala upepo, kwa hiyo kila chembe ina makali kama kigae kilichovunjika sasa hivi. Vumbi hilo lilikwangua miwani ya wanaanga, likakwama katika maungio ya mavazi yao, na walipovua kofia ndani ya chombo baadhi yao walisema linanuka kama baruti. Mna pia chembe za kioo. Mwezi wa Desemba, 1972, Harrison Schmitt wa Apollo 17, mwanajiolojia wa kwanza kutembea mwezini, aliona udongo wa rangi ya chungwa karibu na shimo moja. Ulikuwa ni vishanga vidogo mno vya kioo, matone ya chemchemi ya moto iliyoruka juu kiasi cha miaka bilioni 3.5 iliyopita, yakaganda kabla ya kutua.

Sasa turudi kwa wale wasemao kwamba yote haya ni sinema. Sina nia ya kuwacheka, maana kuuliza si ujinga, na kijana asiyekubali jambo bila ushahidi ana mwanzo mwema wa elimu. Ninachomwomba ni kuutazama ushahidi wenyewe. Safari sita zilileta kilo 382 za mawe na vumbi, na wataalamu wa mataifa mengi wameyachunguza kwa zaidi ya nusu karne. Kwenye nyuso za mawe yaliyokaa wazi pana vishimo vidogo mithili ya vilivyodungwa kwa ncha ya sindano, vingine visivyoonekana bila hadubini, na ndani yake pametandwa kioo. Vilichimbwa na chembe za vumbi la angani zilizolipiga jiwe kwa kasi kubwa mno. Duniani chembe kama hizo huishia katika hewa kabla hazijagusa ardhi. Na umri je? Miamba ya kale ya Nyanza, iliyo miongoni mwa mikongwe zaidi katika Kenya, ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, mawe yaliyotimiza bilioni 4 ni adimu mno duniani kote. Mwenye kiwanda cha kutengeneza jiwe kongwe namna hiyo, lisilo na unyevu, lenye vishimo vya kioo usoni, hajazaliwa.

Isitoshe, Wasovieti walikuwa mahasimu wa Wamarekani, wala hawakuwa na sababu ya kuwatunzia siri. Vyombo vyao visivyo na watu, Luna 16, Luna 20 na Luna 24, vilileta gramu 300 hivi za udongo kati ya mwaka wa 1970 na 1976, nao ulikuwa wa ukoo mmoja na ule wa Apollo. Wachina nao wamefika. Mwaka wa 2020, Chang'e 5 ilileta gramu 1,731 kutoka Bahari Kuu ya Dhoruba, na basalti yake ikakutwa na umri wa miaka bilioni 2 hivi, changa kuliko wengi walivyotazamia. Mwaka wa 2024, Chang'e 6 ilileta mawe ya kwanza kabisa kutoka upande wa nyuma. Na anayedhani kwamba wataalamu hulikubali kila jiwe wanaloambiwa ni la mwezini, azingatie yaliyotokea Uholanzi mwaka wa 2009. Jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam, lilikuwa na jiwe lililodhaniwa kuwa la mwezini, lililopatikana katika mali ya waziri mkuu wa zamani wa nchi hiyo. Lilipochunguzwa lilikutwa ni kipande cha mti uliogeuka jiwe. Jiwe la uongo halikudumu mbele ya wanaojua kusoma mawe.

Nimesema kusoma, na neno hilo silitumii kama pambo. Njia ya wanajiolojia inafanana mno na ile tuitumiayo katika isimu linganishi. Mkikuyu husema mweri, Mkamba mwei, Mganda omwezi, Mnyarwanda ukwezi, nasi twasema mwezi. Hakuna aliyemsikia mzee wa kwanza wa Kibantu akilitamka neno hilo, wala hakuna kanda iliyomnasa. Hata hivyo, kwa kulinganisha sauti za lugha hizi na kuona kwamba zinatofautiana kwa utaratibu, twajua kwamba zimetoka katika chimbuko moja. Vivyo hivyo, wataalamu walipopima aina tatu za oksijeni zilizomo katika mawe ya mwezini, walikuta uwiano wake unalingana kwa karibu sana na ule wa mawe ya duniani, ilhali vimondo vingi vilivyotoka kwingine vina uwiano wa namna nyingine. Kwa sababu hiyo na nyinginezo, wengi wanakubali kwamba miaka ipatayo bilioni 4.5 iliyopita gimba kubwa, kama ukubwa wa sayari ya Mihiri, liliigonga dunia ikiwa changa, na vifusi vilivyoruka vikakusanyika kuwa mwezi. Yapo ambayo bado yanajadiliwa. Lakini tutazamapo mwezi, tunamtazama ndugu.

Ndipo nifikapo kwenye kauli ya pili, kwamba Kiswahili hakiwezi. Msomaji aliyefuatana nami hadi hapa amesoma juu ya umri wa mawe, bahari ya moto, kifusi, vishimo vya kioo na undugu wa oksijeni, na sidhani amekwama. Maneno ya kukopa nimeyatumia: basalti, anothositi, breksia. Lakini basalt ya Kiingereza ni ya kukopa pia, na breccia wameitwaa kwa Waitalia, wala hakuna Mwingereza aionaye haya. Pale ambapo pana haja ya jina jipya kabisa, hutungwa. Madini fulani yaliyogunduliwa katika mawe ya Apollo 11 yaliitwa amakoliti, jina lililofinyangwa kwa herufi za mwanzo za majina ya Armstrong, Aldrin na Collins. Kama wenzetu waweza kuunganisha majina ya watu watatu wakapata istilahi, sisi tunazuiwa na nini? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia taasisi yake ya uchunguzi wa Kiswahili, kilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka wa 1990. Na mwaka wa 1970, mnamo tarehe 12 Desemba, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco katika bahari ya karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru. Neno letu limo katika historia ya elimu ya anga. Linalokosekana ni sisi wenyewe kuizungumza elimu hiyo.

Najua watakaonijibu kwamba mtihani wa sayansi katika shule za sekondari huandikwa kwa Kiingereza, na kwamba mwalimu hana muda wa kutafsiri. Jibu hilo lina uzito, nami silipuuzi. Sidai kwamba kesho asubuhi vitabu vyote vibadilishwe. Nadai jambo dogo zaidi. Mwanafunzi akaririye kwamba mwezi una maria na highlands, asiweze kumweleza nyanya yake ni nini, hajui, amebeba tu. Mwalimu na ampe dakika tano alieleze jambo kwa Kiswahili, kwa maneno yake mwenyewe, kisha arudi kwenye Kiingereza cha mtihani. Atakapokwama ndipo mwalimu atakapojua palipo na pengo: kama ni la neno, litafutwe, kama ni la fikra, ifundishwe upya. Mwalimu wa Kiswahili naye asione kwamba kazi yake imeishia kwenye ushairi na isimujamii. Insha juu ya jiwe ni insha.

Tena vifaa havina gharama. Mwalimu wa Marsabit au wa Kibwezi na awapeleke wanafunzi wakaokote basalti, waipime uzito, watazame matundu yaliyoachwa na gesi, na waulize kwa nini moja ina kutu ya wekundu na nyingine haina. Usiku wa mwezi mpevu na wachore sehemu nyeupe na nyeusi bila kunakili kitabu. Kisha na waambiwe habari za Riccioli, mtu msomi aliyetazama kwa makini akatoa jina lisilo sahihi, na jinsi iliyochukua zaidi ya miaka 300 hadi mtu akainama, akaliokota jiwe na kusema: hii si bahari. Jina linaweza kubaki, maadamu anayelitaja anajua kilicho chini yake.